Kikundi chetu cha kusoma Busia: vitabu vilivyotufaa na vilivyotushinda

FundiPindo (Busia, upande wa Uganda)

Habari za humu wakuu. Mwaka jana kuna mtu aliuliza kama vitabu vinaweza kumsaidia mtu mwenye mawazo mengi. Akajibiwa kwa mzaha, uzi ukafa. Mimi nilinyamaza maana sikuwa na la kusema. Sasa ninalo.

Mimi ni fundi cherehani. Banda letu lina cherehani sita, liko nyuma ya soko, mvua ikinyesha mtaro unajaa tunainua miguu. Kila Jumatano saa kumi na mbili jioni tunafunga mashine, tunawasha taa ya sola, mmoja anasoma kwa sauti na wengine tunafanya kazi za mkono: kupinda pindo, kushona vifungo, kufumua sare za watoto waliorefuka. Tunasoma kama saa moja, halafu chai. Tulianza wanne, sasa tuko kumi na mmoja, wawili wanaume. Huu ni mwezi wa kumi na nne.

Tulivyoanza si jambo la kujivunia. Kuna wafadhili walileta katoni ya vitabu, wakapiga picha na akina mama, wakaondoka. Kufungua: kitabu cha kuendesha mashua za matanga, kitabu cha kodi za nchi ya watu, mapishi ya keki zinazotaka oveni, na kimoja cha kumfundisha mbwa adabu. Arobaini na kitu, vyote Kiingereza. Vitatu tunavitumia mpaka leo kukandamiza vitambaa visipeperuke, na kazi hiyo vinaiweza kweli.

Kilichotuamsha ni kitabu chakavu cha hadithi fupi za Kiswahili, cha shule, binti yangu alikinunua ng'ambo ya mpaka kikiwa hakina jalada. Siku moja mvua kubwa, umeme umekatika, wateja hakuna, nikakichukua nikaanza kusoma kwa sauti. Hadithi ilikuwa ya mwanamke aliyepoteza pesa za mtaji wa nyumba yake, kila siku anatunga uongo mpya ili mumewe asijue. Mwenzetu mmoja anayeuza mitumba alikuwa anashona kifungo. Mkono ukasimama, sindano ikabaki nusu imeingia kwenye kitambaa. Hakusema kitu.

Jumatano iliyofuata, hata kitabu sijafungua, akasema: "Yule wa kwenye kitabu alikosea kumwambia dada yake. Dada mdomo haufungiki." Tukambishia. Mwingine akasema yeye angekwenda kwa mweka hazina wa kikundi cha akiba, aombe alipe kidogo kidogo. Wiki tatu nzima tukawa tunamshauri yule wa kwenye kitabu. Wote mle ndani tulijua ni nani, na hakuna aliyemtaja.

Mtu ukimwuliza ana shida gani, atakwambia hana. Mwulize yule mwanamke wa kwenye kitabu angefanyaje, ataongea mpaka chai ipoe.

Karibuni kwa maswali. Na mawe pia, nimezoea.

MgeniMwanza

Hongera dada. Swali la utani kidogo: Waganda mmeanza lini kusoma Kiswahili? Mimi nikija Kampala nikisalimia kwa Kiswahili ninajibiwa Kiingereza, na bei inapanda.

FundiPindo

@MgeniMwanza bei ingepanda hata ungesalimia kwa Kiganda, wewe sura tu inakuuza 😂

Hapa mpakani Kiswahili ndicho kinachohesabu pesa. Msamia, Mteso, Mganda, Mkenya wa ng'ambo, tunakutana humo. Kuongea tunaongea, kusoma ndiyo ilikuwa kazi, maana wengi hatukukisoma shuleni. Likija neno la pwani tusilolijua tunasimama, tunabishana, anayejua anafafanua kwa Kisamia. Kuna jioni tulisoma kurasa mbili tu kwa sababu ya neno "ghera". Mpaka leo sina hakika kama tulilielewa, lakini tulicheka.

BodaMalaba

Dada usinichukie. Mimi naona huu ni mchezo wa watu walioshiba. Mtu ana mkopo wa SACCO, mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, pikipiki ya watu inadaiwa kila wiki, halafu aje asomewe hadithi? Mawazo yake hayatokani na kukosa kitabu. Yanatokana na kukosa pesa. Mpe pesa uone kama hatalala.

FundiPindo

@BodaMalaba sikuchukii kaka, nusu ya maneno yako nimeyasema mimi mwenyewe. Hadithi haikulipa deni la yule mwenzetu. Lakini alikuwa na deni kwa miezi minane kabla ya hapo na hakumwambia mtu. Kwa hiyo hakuna aliyemsaidia, kwa hiyo likakua. Alipoanza kulisema, hata kama ni kwa mdomo wa mtu wa kwenye kitabu, ndipo ule mpango wa kulipa kidogo kidogo ukapatikana. Pesa zile zile, ila sasa ana watu.

SistaWestNile

Nimesoma uzi huu nikiwa zamu ya usiku, wodi imetulia, acha nichangie kwa urefu.

Mimi ni muuguzi huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Anayesema haya mambo hayajajaribiwa hapa kwetu hajafika kambi ya wakimbizi ya Rhino Camp. Kulifanyika utafiti kule na wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini, matokeo yake yakachapishwa 2020. Mpango ni wa Shirika la Afya Duniani, unaitwa Self-Help Plus. Wanawake wanakaa kundi la watu kama ishirini hadi thelathini, wanasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa, kule walitumia Kiarabu cha Juba, mara tano tu. Kila mmoja anapewa kitabu cha michoro. Mle ndani maneno ni machache sana, ni picha za mtu anayepambana na mawazo yake, namna ya kutulia, namna ya kuyaona mawazo yanakuja bila kukokotwa nayo. Mwendeshaji si daktari wala muuguzi, ni mtu wa kawaida aliyepewa mafunzo mafupi.

Miezi mitatu baadaye, waliohudhuria walikuwa na dhiki ndogo kuliko wenzao wa vijiji ambavyo havikupata mpango huo. Nafuu ilikuwa kubwa mara tu baada ya vikao, ikapungua kadiri siku zilivyokwenda, lakini bado ilionekana. Siiti muujiza. Ila kwa kitu kisichohitaji dawa wala daktari, katika wilaya ambazo mtaalamu wa akili unaweza kumsikia redioni tu, mimi naichukua kwa mikono miwili.

Na ile picha ya mtu asiyejua kusoma akiwa amekishika kitabu chake, anafunua ukurasa anautazama... nimeiona kwa wagonjwa wangu na vitabu vya aina nyingine. Kumiliki kitabu peke yake ni kitu.

Sasa onyo, FundiPindo, na nakuomba uwasomee wenzako. Mwenzenu akikaa wiki mbili halali, hali chakula, anagawa vitu vyake, anaaga aga bila safari, au anasikia sauti ambazo nyinyi hamsikii, wekeni kitabu chini mkamshike mkono mpaka kituo cha afya. Watu wakisikia ugonjwa wa akili wanawaza Butabika tu, ile hospitali kuu ya akili ya Kampala, wanaogopa. Hospitali za rufaa za mikoa nazo zina vitengo vya afya ya akili. Mwenye mawazo na mgonjwa wanaweza kukaa benchi moja wakapinda pindo moja, lakini hawahitaji kitu kimoja.

FundiPindo

@SistaWestNile asante sana sista. Hayo ya kuaga aga nimeyaandika kwenye karatasi nimeyabandika juu ya pasi.

MkutubiMasaka

Sista amegusa Rhino Camp, mimi niwarudishe nyuma kidogo, huku kwetu. Miaka ya mwanzo ya 2000 kulifanyika utafiti katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ukachapishwa 2003. Kabla ya kuanza, watafiti waliwauliza watu wenyewe huzuni ile nzito wanaiitaje. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Wakayatumia hayo hayo. Kisha watu wakakaa katika vikundi vidogo mara moja kwa wiki, wiki kumi na sita, wakiongozwa na watu wa huko huko waliopewa mafunzo. Waliokaa walipata nafuu kubwa mno kuliko wasiokaa.

Lakini angalieni: kule kitabu hakikuwepo kabisa. Watu walikaa wakaongea. Kwa hiyo mimi ninayeishi kwa vitabu najiuliza swali ambalo linaninyima raha: ni kitabu kinachosaidia au ni kile kikao?

FundiPindo

@MkutubiMasaka swali zuri, na jibu langu si la kitaalamu. Kuna Jumatano tulisahau kitabu. Tukasema si kitu, tuongee tu. Dakika kumi hazikupita tukawa tunamsema jirani yetu wa duka la vipuri, mke wake, gari lake jipya limetoka wapi. Tukatoka tumechoka, na mmoja amekasirika kwa sababu mke yule ni ndugu yake.

Hao wa Masaka walikuwa na mtu aliyefunzwa kuongoza. Sisi hatuna. Kwa hiyo kitabu kinatuletea mtu wa kusengenywa ambaye hatakutana nasi kesho kisimani. Tunamkata vipande, tunamhurumia, tunamtukana, na hakuna anayeumia.

MzeeBombo

Nimewasoma wanangu. Shikamooni nyote, ingawa najua mimi ndiye mkubwa humu, ni heshima ya lugha tu.

Mimi ni Mnubi wa Bombo, Kiswahili nimezaliwa nacho kambini kwa wanajeshi pamoja na Kinubi. Mjue kwamba kwa Waganda wengi wa rika langu lugha hii haikuja na hadithi. Ilikuja na kizuizi cha barabarani, na mtu mwenye bunduki akisema "toka nje, lala chini". Jirani yangu mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa akisikia Kiswahili redioni anazima. Si ubishi wake, mwili wake ulikuwa unakumbuka. Kiswahili kikaingizwa kwenye Katiba 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na 2022 baraza la mawaziri likapitisha kiwe lazima mashuleni, lakini mwili wa mtu hausomi Katiba.

Sasa nikisikia akina mama Busia wanasomeana Kiswahili huku wanashona vifungo, nafurahi kwa sababu ambayo labda nyinyi vijana hamuioni. Lugha ile ile, lakini imekaa chini, ina chai mkononi.

Nina neno moja la kulalamika. Mnaliita jambo hili jipya. Mganda akikaa jioni na wajukuu alianza "Awo olwatuuka", yaani hapo zamani, na watoto wakanyamaza. Sisi Wanubi tulikuwa na bibi zetu wakisuka ukili wa mkeka. Mikono ilikuwa inafanya kazi wakati huo pia. Tuliacha, televisheni ikaingia.

FundiPindo

Marahaba mzee, ingawa nastahili kuwa chini yako. Nimeisoma hii yako kwa sauti leo bandani. Hatukusoma kitu kingine.

JuaKaliJinja

Kuhusu kusoma huku mikono inafanya kazi: kule Havana, Kuba, wafanyakazi wa viwanda vya sigara za kusokota walianza 1865 kumweka msomaji juu ya jukwaa, awasomee magazeti na riwaya wakati wao wanasokota tumbaku. Na walimlipa wenyewe, kila mtu anachanga. Mwajiri hakutoa senti. Nimelikumbuka tu, endeleeni.

BodaMalaba

@JuaKaliJinja sasa hiyo ya kuchanga naielewa 😂 Dada, wewe wanakulipa?

FundiPindo

Nalipwa chapati. Na simalizi kusema, wanataka zamu ibadilike maana sauti yangu inawalaza.

MtuWaNakivale

Bonjour tout le monde, habari zenu wandugu. Mimi Mkongomani, niko Nakivale tangu zamani, wilaya ya Isingiro. Kiswahili chetu nyinyi mnakicheka lakini kinasafiri. Hapa kambini kuna Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, sisi Wakongomani ndio wengi, na Kiswahili ndicho kinatupatanisha kwenye foleni ya maji.

Naomba niseme kosa letu ili msilirudie. Tulianza kusoma na wazee na akina mama chini ya hema la kanisa. Nikachagua hadithi ya vita, nikawaza: hawa watu wametoka vitani, wataona wenyewe mle ndani, wataongea. Ukurasa wa nne mama mmoja akasimama, akachukua kitambaa chake cha kubebea mtoto, akatoka bila kusema. Wiki iliyofuata hakuja, wala jirani zake wawili. Nikaenda kumwona. Akaniambia: "Mwalimu, mimi nilitembea siku nyingi kwa mguu nisiione tena ile kitu. Wewe umeniletea mpaka kwa kiti."

Niliona haya. Tangu siku ile tunasoma vitu vya kuchekesha, vya sungura na fisi, vya mume mchoyo, vya mtu aliyepotea mjini. Na nimeona kitu: wakicheka sana kwa mume mchoyo, baadaye chini ya mti yule mama mwenyewe ndiye anaanza kusimulia ya kwao, wakati anapotaka, kwa kiasi anachotaka. Alirudi mwezi wa tatu. Sasa anataka fisi tu, kila wiki fisi.

SistaWestNile

@MtuWaNakivale kaka, hilo lako lifundishwe vyuoni. Kumlazimisha mtu arudie lililomtokea kabla hajawa tayari kunaweza kumwumiza upya. Fisi aendelee.

MwalimuMtoro

Mimi nafundisha, msiulize wapi. Nyinyi mnaongelea watu wazima, niwakumbushe watoto. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kwa wote Januari 2022. Karibu miaka miwili, wanafunzi kama milioni 15. Hakuna nchi duniani iliyofunga muda mrefu kama sisi. Waliporudi nilikuwa na wasichana darasani wenye watoto mgongoni kimawazo, na wengine wenye watoto mgongoni kweli. Wengine hawakurudi kabisa.

Nilichofanya ni kidogo: dakika kumi na tano za mwisho Ijumaa, nasoma mimi, wao hawaandiki, hakuna swali, hakuna maksi. Mwalimu mwenzangu alilalamika kwamba napoteza muda wa mtihani. Hadithi nilizichapisha kutoka African Storybook, ni za bure kwenye intaneti, ziko kwa Kiswahili, Kiganda, Kilugbara na lugha nyingine zetu, na wanaruhusu uchapishe. Kuna msichana hakuwahi kufungua mdomo muhula mzima. Ijumaa ya saba aliniuliza: "Na mbuzi alirudi?" Ukurasa wa mwisho ulikuwa umekatika kwenye printa. Nikamwambia sijui, wewe unaonaje. Akaongea dakika tano.

Hiyo ndiyo yote. Sina takwimu.

MkutubiMasaka

@MwalimuMtoro mbuzi alirudi?

MwalimuMtoro

Kwa mujibu wa yule msichana, alirudi na mume.

MgeniMwanza

FundiPindo, kichwa cha uzi kinasema "vilivyotushinda". Ukiacha mbwa na mashua, nini kiliwashinda?

FundiPindo

Mawili, na la kwanza nalisema kwa uchungu.

Mwezi wa tano siri ilitoka. Mwenzetu mmoja alisimulia sokoni kilichosemwa bandani, na hakutumia "yule wa kwenye kitabu", alitaja jina. Aliyetajwa alikaa nyumbani mwezi mzima. Wawili wakaacha kabisa, mmoja hajarudi hadi leo, tukipishana njiani ananisalimia kwa mbali. Nilitaka kufunga kikundi. Tuliokaa tukakubaliana: hakuna kumwuliza mtu la kwake, tunaulizana ya mtu wa hadithi tu, mtu akitaka kusema la kwake atasema, na mwenye kutoa nje anaondoka bila mjadala. Yule aliyetoa siri tulimwambia aondoke. Ni rafiki yangu, tulinunua cherehani zetu siku moja. Sijui kama tulifanya haki.

La pili ni la kuchekesha lakini lilitupotezea miezi. Kulikuwa na wenzetu watatu, wote wamevuka arobaini, zamu ya kusoma ikifika wanasema koo linauma, wamesahau, asome fulani. Tukadhani kusoma hawajui, tukawa tunawakinga wasiaibike. Kumbe wanajua vizuri! Macho. Maandishi ya karibu hawayaoni tena. Mmoja alijaribu miwani ya mchuuzi aliyepita na sanduku lake, akachukua kitabu, akakishika, akasoma mstari mmoja, akanyamaza, akasoma tena ule ule. Halafu akasema mara ya mwisho kusoma kitu kisicho risiti ni kabla ya mtoto wake wa mwisho kuzaliwa. Na kutunga uzi kwenye sindano alikuwa anamwachia mwanafunzi wake, sisi tukidhani ni uboss.

Kwa hiyo wanaotaka kuchangia: acheni katoni za vitabu. Leteni miwani.

MkutubiMasaka

Naomba kuwatetea wenye katoni kidogo tu. Maktaba ya jamii ya Kitengesa, hapa karibu na Masaka, ilianza 1999 na sanduku la vitabu ndani ya shule ya sekondari. Leo ni maktaba kamili, na maktaba za jamii nchini zina chama chao tangu 2007. Tofauti ni kwamba sanduku lile lilikuwa na mtu wa kukaa nalo. Katoni ya Busia iliachwa mlangoni.

FundiPindo

Kwa hilo nakubali. Nitamtuma binti aje aone mnavyofanya, nauli ikipatikana.

BodaMalaba

Dada. Hapa stejini kwetu sisi ni ludo na bao la omweso kutwa nzima. Gazeti likija linapita mikono ishirini lakini kila mtu anasoma kimya kimya ukurasa wa mpira tu. Jana nikajaribu, nikasoma kwa sauti habari ya mtu aliyeuziwa shamba lililouzwa mara mbili. Wakaacha ludo. Mmoja akasema "kuna mtu namjua lilimpata hilo." Nikanyamaza, nikasubiri. Basi, akaja abiria.

FundiPindo

@BodaMalaba 😂😂 "kuna mtu namjua". Usimwulize jina. Kesho endelea na lile lile shamba.

MgeniMwanza

Na yule wa kwenye kitabu, wa deni? Aliishia vipi?

FundiPindo

Kitabu kilikosa kurasa za mwisho, kwa hiyo wa kwenye kitabu hatujui.

Mwenzetu amebakiza elfu sitini. Jumatano hii zamu ya kusoma ni yake. Amenituma nimtafutie miwani, ya kwake imevunjika mkono, ameifunga na uzi mwekundu na inamtoka kila akiinama.